Bibi yangu Shinyanga anaitwa mchawi, nimtoe au abaki?

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana toka juzi silali. Bibi mzaa mama yuko kijijini Shinyanga, mjane wa miaka 76, anaishi na kitukuu mmoja wa darasa la tano. Mwezi uliopita mtoto wa jirani alifariki, ilikuwa homa na degedege, wakaenda kwa mganga akawapigia ramli akasema mbaya wao ni kikongwe anayekaa upande wa machweo, na upande huo nyumba ni ya bibi peke yake. Sasa akifika kisimani wenzake wanabeba ndoo wanaondoka, na juzi usiku mtu kagonga dirisha akamwambia "jiandae". Mimi niko Dar, mjomba anataka tumlete huku, bibi hataki, anasema kaburi la babu liko pale. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Mtoto wa Geita: Pole sana mkuu. Mtoe wiki hii hii. Nimekulia huku kanda ya ziwa, inaanza ramli, wanamsusa, wanampa onyo usiku, halafu wanakuja wakata mapanga ambao mara nyingi wala sio wa kijiji hicho, wanakodiwa. Bibi mmoja jirani yetu walimkuta jioni anasonga ugali, wakamuomba maji ya kunywa, akainuka kuwachotea. Mimi nilikuwa darasa la sita na mpaka leo naukumbuka ule mwiko ulivyobaki kwenye sufuria. Swali moja tu, bibi ana shamba? Na nani analitaka?

Muuliza swali: Anayo majaruba ya mpunga, kama ekari 4. Mdogo wake marehemu babu alishasema kwenye kikao cha ukoo kwamba mwanamke harithi ardhi. Sikuwahi kuunganisha haya mambo mawili, nimeishiwa nguvu.

Nesi wa zahanati: Na macho yake je, mekundu? Nauliza kwa sababu huku macho mekundu tu yanatosha kumuua mtu. Kuni zimeisha, kina mama wanapikia mavi ya ng'ombe makavu ndani ya jiko lisilo na dirisha miaka hamsini, huo moshi utaacha kuwaharibu macho kweli? Nawapokea kila wiki, macho yanawasha, yanatoa machozi, na wengine wanaogopa hata kuja mchana wasionekane. Halafu homa na degedege kwa mtoto mdogo huku kwetu kitu cha kwanza kupima ni malaria, ila yule mtoto alipelekwa kwa mganga.

Mgiriama: Poleni ndugu zetu, hata huku Kilifi, Kenya, ni vivyo hivyo, ila kwetu wanaouawa zaidi ni wazee wanaume, ukiwa na mvi tayari wewe ni mchawi, kuna wazee wanapaka nywele rangi nyeusi ili waishi. Ukichimba chini unakuta ni shamba. Kuna wazee wamekimbilia Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi wanaoitwa wachawi kule Ganze, na wanaishi hapo, salama ndio, lakini mashamba yao yanalimwa na walewale waliowafukuza.

Mzee wa Tabora: Hapo Mgiriama umegusa penyewe. Bibi aondoke lakini asiondoke kimya, akiondoka kimya watasema si mnaona kakimbia, na majaruba yatakuwa yameenda. Nendeni kwanza polisi mkaandikishe hicho kitisho, kutishia kuua ni jinai, kisha serikali ya kijiji wapate barua kwamba shamba ni lake na nani atalisimamia. Msimtegemee mwenyekiti peke yake, mkumbuke Murufiti kule Kasulu mwaka 2014, watu saba walichomwa moto na wanakijiji wenzao. Na hii Sheria ya Uchawi tuliyonayo ni ya mkoloni ya 1928, inampa mkuu wa wilaya nguvu ya kumhamisha anayetuhumiwa. Anayetuhumiwa! Yule aliyepiga ramli anabaki kwake anaendelea kupokea wateja. Mimi hilo linaniuma kuliko yote.

Muuliza swali: Asanteni sana wakuu. Mjomba anapanda basi kesho alfajiri, ataanzia polisi kabla hajafika kijijini. Macho ndio, ni mekundu, toka mimi mdogo. Bibi amekubali kuja ila kasema haondoki bila yule mtoto, na tumuachie muda aende kufagia kaburi la babu. Nimemwambia mjomba amsindikize mchana kweupe, asimuache hata dakika moja.