Hedifoni za omu 80 kwenye HP ya mtumba: nichukue saundi kadi ipi kwa 80,000?

MzeeWaKanda

Mwangaluka wakuu. Naombeni muongozo kabla sijaliwa hela yangu mjini.

Niko Kirumba, Mwanza. Mashine ni HP ya mezani, ile nyembamba ya mtumba, Windows 10. Usiku kazi yake ni muziki tu: dansi za zamani na kwaya. Nyingi nilizihamisha mwenyewe kutoka kwenye kanda za marehemu baba, nyingine ni MP3 za kupewa kwenye flashi. Sasa binamu yangu karudi likizo kutoka Ujerumani, kaniletea hedifoni za Beyerdynamic, DT 770 Pro, zimeandikwa omu 80. Nadhani bei yake inazidi kompyuta, meza na kiti kwa pamoja.

Tabu ni mbili. Nikizichomeka pale mbele kuna kasauti ka chini chini, zzzz, na nikisogeza mausi kanabadilika kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Halafu sauti yenyewe haitoshi. Nimepandisha mpaka mwisho na bado natamani iongezeke, hasa kwenye zile za kanda.

Nimezunguka mjini. Duka moja lina kale ka USB ka kijani, kwenye boksi kameandikwa 7.1. Fundi mmoja ana kadi ya Sound Blaster aliyoing'oa kwenye kompyuta ya zamani, anaapa kuwa hiyo ndiyo yenyewe. Mfuko wangu ni 80,000, na hapo mama watoto hajajua. Natanguliza shukrani.

BintiMabatini

Pole kaka. Kabla ya yote uliza habari ya waya wa ardhi nyumbani kwako. Sisi huku mlimani fundi umeme akipigilia kile chuma anakutana na jiwe kabla hakijazama hata nusu, basi anakikata na kufukia kilichobaki. Kompyuta yangu ukigusa kava kwa mgongo wa mkono unasikia inawasha. Na spika zangu zinanguruma mchana kutwa. Huo mlio wako ni huo huo.

Fundi Solda

Mzee wa Kanda, rudisha hiyo 80,000 mfukoni kwanza. Geuza mashine, nyuma kuna tundu la kijani. Chomeka hapo usikilize.

Tundu la mbele halijakaa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Linafikiwa na waya unaokatiza juu ya bodi, jirani na pawa saplai, prosesa na diski, na kwenye mashine nyingi za ofisi waya huo hauna kinga ya maana. Unaokota takataka zote za umeme humo ndani. Ndiyo maana ukigusa mausi mlio unabadilika: unaisikia kompyuta ikifanya kazi. Tundu la nyuma limechomelewa kwenye bodi yenyewe, njia ni fupi. Wateja kibao wananiletea mashine wakisema saundi kadi imekufa, nawahamishia nyuma, wananiachia hela ya soda wanaondoka.

Dada Mabatini, unalosema kuhusu mawe ni kweli tupu, na hilo kava linalowasha usilizoee, mwite fundi umeme. Ila mngurumo wa ardhi unahitaji vifaa viwili vyenye umeme wa ukutani vilivyounganishwa kwa waya, kama kompyuta na amplifaya au spika zako. Hedifoni imening'inia kichwani kwa mtu, haina plagi ukutani. Mlio unaofuata mausi ni wa ndani ya mashine.

Sauti ndogo ni kesi nyingine kabisa. Omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyobania umeme. Hedifoni za simu huwa omu 16 au 32. Zako ni 80, kwa hiyo zinadai volti nyingi zaidi. Kiwanda kinaziandikia desibeli 96 kwa miliwati 1. Kifaa kikitoa volti 1, kwenye omu 80 unapata miliwati 12.5, kama desibeli 107 hivi. Hizo ni nyingi, ukizikalia muda mrefu utakuja kuniuliza habari za masikio badala ya kadi. Hoja yangu ni kwamba huhitaji mtambo. Unahitaji kitu kidogo kinachotoa volti 1 safi, nje ya lile kava.

Ka kijani ka 7.1 achana nako. Hiyo 7.1 maana yake ni njia saba za spika na moja ya besi. Hedifoni yako ina njia ya kushoto, ya kulia na ya ardhi, basi. Hizo saba na moja zitapita wapi? Vile ninavyovifungua mimi vina chipu ya njia mbili tu, na programu ya kuchezea mwangwi. Kwa simu za mtandaoni vinafaa.

Sound Blaster si jina la kubeza. Creative, ile kampuni ya Singapore, wako nalo tangu 1989, enzi ambazo kompyuta nyingi zilijua kulia "piip" tu. Lakini kadi ya kung'olewa mara nyingi ni ya PCI ya zamani, na meno yake hayaingii kwenye PCI Express, yaani matundu ya kadi ya mashine za baadaye. Kava lako nalo ni jembamba, linataka kadi fupi. Tuseme imeingia: bado una safari ya kusaka draiva, zile programu za kuiendesha kadi, za Windows 10. Mwachie huyo fundi pambo lake.

Ingekuwa hela yangu, ningetafuta kale kawaya ka Apple ka USB-C kwenda tundu la hedifoni. Usicheke. Kwenye kale kakichwa mna saundi kadi nzima, na inapima safi kuliko vitu vingi vya bei mara kumi. Kwao Marekani ni dola 9. Soma maandishi madogo kwenye waya: A2049 ndiyo ya volti 1, A2155 ni ya soko la Ulaya na inatoa nusu yake. Mashine yako haina USB-C, kwa hiyo ongeza adapta ya kwenda USB ya kawaida. Usikajaribu kwa simu ya Android ukakahukumu, huko sauti yake huwa chini bila kosa lake. Ukikakosa, tafuta Sound Blaster Play! 3, hiyo ni ya USB ya kawaida na ina tundu la maiki pembeni.

MpigaKinanda

Fundi nakupinga kidogo. Kwa nini asijikaze achukue Behringer UMC202HD, ile saundi kadi ya nje ya kurekodia? Inafika biti 24 na kilohezi 192. Kesho akitaka kurekodi kwaya ana matundu mawili ya maiki. Hako kawaya ni ka kubana matumizi.

Fundi Solda

Kaka, kasema wapi anarekodi? Angesema, ningemwambia aongeze hela achukue hiyo hiyo, ni kifaa kizuri. Kwa kusikiliza tu, CD ni biti 16 na kilohezi 44.1, yaani sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde, na hiyo inabeba sauti hadi kilohezi 22 hivi. Sikio la kijana linaishia kama 20, na mtu anayejiita Mzee wa Kanda tusimsemee. Muziki wake umetoka kwenye kanda, una mvumo wake wa kuzaliwa. Hizo 192 zitamletea mvumo uleule kwa bei kubwa zaidi.

MzeeWaKanda

Wakuu nimegeuza mashine. Ule wa mausi umekufa! Umebaki mvumo mdogo sana nikiwa sijapiga kitu. Sauti bado ndogo, ila gitaa la solo sasa nalisikia limekaa upande wake. Fundi, hako kawaya nikakamate wapi, na feki nitaijuaje?

Fundi Solda

Anza na maduka ya vifaa vya simu pale Makoroboi, lakini nenda na hedifoni zako na omba laptopu ya mtu. Feki nyingi zinajitaja kwa jina la ajabu ukizichomeka kwenye kompyuta, na ukiacha kimya sauti ikiwa juu unasikia mvumo kama wa maji yanayochemka. Muuzaji akikataa usijaribu, ondoka. Na usinunue kwa boksi, boksi ndilo linalogushiwa kwanza. Hiyo A2049 uisome kwenye waya wenyewe, beba miwani.

NansioMoja

Mzee wa Kanda, ukizikuta halali chukua mbili, moja yangu. Niko Ukerewe, huku kuna chaja na kava za simu tu. Nitakutumia hela kwa simu, mpe mtu yeyote anayepanda meli ya mchana.

MzeeWaKanda

Sawa mkuu. Tuma na ya adapta.