Ukoo wa Bi Mwanahawa: gumzo la safari ya Kilwa

*Jumapili, usiku*

Rehema: Assalaam alaykum ukoo. Mwongozaji wa Kilwa nimempata. Kijana wa Kilwa Kisiwani kwenyewe, ana kibali, na mama yake anaishi pale mpaka leo. Safari ni yetu peke yetu, hatuchanganywi na watu wengine.

Rehema: Mpango wake ni huu. Siku ya kwanza tunatoka Dar kwa gari hadi Kilwa Masoko, tunalala. Ya pili Kisiwani kutwa nzima. Ya tatu kisiwa cha Songo Mnara. Ya nne asubuhi Kilwa Kivinje, mchana tunapumzika. Ya tano tunarudi. Gari, mashua, malazi, chakula, viingilio na yeye mwenyewe, vyote vimo.

Rehema: Laki tatu na nusu mtu mzima, watoto nusu yake. Ni wiki ya kwanza ya likizo ya shule, mwezi wa sita. Kianzio kifike kabla ya Ijumaa, la sivyo anachukua wageni wengine.

Rehema: Naomba majibu.

*Jumatatu*

Rehema: Ujumbe umesomwa na watu kumi na tisa. Aliyejibu hakuna.

Juma: Shangazi mimi nipo, ila nina swali la msingi. Hicho chakula kilichomo ni cha kuonja au cha kushiba?

Rehema: Juma.

Juma: Nauliza kwa niaba ya walio kimya 😂

Mama Asha: 😂😂😂

Shemeji Kombo: Aongeze na la pweza 😂

Rehema: Jamani, kianzio ni Ijumaa.

Shemeji Kombo: Shemeji, kwa nini tusipande basi la Lindi? Tunashuka njia panda ya Nangurukuru, bajaji mpaka Masoko, tunavuka na mashua ya wanakijiji. Haifiki hata laki na nusu.

Rehema: Kombo, Mama magoti unayajua. Ashuke Nangurukuru na mabegi, apande bajaji, halafu aruke kutoka mashuani? Ndiyo maana nataka safari ya peke yetu. Akichoka tunakaa. Akitaka kuswali tunasimama. Akitaka kulitazama jiwe moja saa nzima, na atazame.

Rehema: Mnakumbuka magofu ya Kaole, Bagamoyo. Tulijiunga na kundi la watu, kwenye yale makaburi ya nguzo tukapewa robo saa, honi ikapigwa. Mama alikuwa hajamaliza hata kusoma Fatiha.

Mama Asha: Kweli kabisa. Siku ile alisononeka.

Juma: Siku ile ndiyo shangazi Tatu alibaki chooni basi likaondoka 😭

Tatu: Juma acha.

Shemeji Kombo: 😂😂😂 tukamkuta kwenye pikipiki

Mama Asha: Na mkoba kichwani 😂

Rehema: Narudia. Kianzio.

Salha: Mama mkubwa, mimi nakuja, na Bibi nitamshika mkono mwenyewe. Ila nina ombi. Mwongozaji asitupangie Husuni Kubwa mwishoni. Iko mbali kidogo na magofu mengine, upande wa mashariki juu ya mwamba, na watu hufika wamechoka wakapiga picha na kuondoka. Ndilo jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14, vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea la pembe nane linalotazamana na bahari. Tuanze pale asubuhi wakati jua halijawa kali.

Rehema: Nitamwambia. Umeona, Salha kanisaidia. Wengine?

Salha: Na Msikiti Mkuu asituharakishe. Ile sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11, ile kubwa yenye kuba iliongezwa baadaye, na ukisimama katikati unaona kabisa pale ya zamani inapokutana na mpya. Yote ni mawe ya matumbawe na chokaa ya kuchoma. Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema.

Juma: Na mimi nina yangu. Sarafu za Kilwa ziliokotwa Australia, mwaka 1944, kwenye visiwa vya Wessel. Kwa hiyo mtu wetu wa kwanza kuzamia nje ya nchi ni shilingi.

Mama Asha: 😂 wewe mtoto

Salha: Hilo ni kweli lakini. Na hakuna anayejua zilifikaje.

Juma: Nami nikizama Australia msijue nimefikaje.

Rehema: JUMA.

*Jumanne*

Zena: Salaam kutoka huku. Samahani, nilikuwa zamu ya usiku. Sisi tutakuja, mimi, mume wangu na watoto wawili. Anauliza kama kuna mambo ya enzi za Wajerumani, anataka watoto wayaone.

Salha: Yapo mama mdogo. Kivinje kuna boma lao, na wapiganaji wa Majimaji walinyongewa pale. Hata kabla ya kufika, tukiwa njiani tunapita Mohoro. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Majimaji, alinyongwa pale tarehe 4 Agosti 1905.

Zena: Basi tusimame Mohoro. Hata dakika kumi.

Rehema: Zena, kiingilio cha mgeni si sawa na cha raia, kwa hiyo mumeo bei yake itakuwa nyingine. Na wewe uje na kitambulisho cha taifa, usije na pasi ya huko peke yake ukanikana getini.

Zena: Kitambulisho changu si kiko kwenye lile kabati la Mama?

Rehema: Lile kabati liko kwa Sudi.

Zena: Kaka Sudi?

*Jumatano*

Rehema: Sudi, dada yako anauliza kitambulisho. Na mimi nauliza kianzio cha familia yako. Watu wanne.

Sudi: Nimeona. Nilikuwa shamba. Kitambulisho nitakitafuta. Mimi nina maoni kuhusu siku ya nne. Kivinje tusipoteze muda. Tupite na gari, watoto waone boma, tuondoke. Siku hiyo tuiongeze Kisiwani. Sisi asili yetu ni Kisiwani, ni watu wa ule mji wa masultani. Habari za soko la watumwa la Kivinje hazifai kwa watoto wa miaka saba.

Shemeji Kombo: Hapo namuunga mkono shemeji.

Tatu: Unaogopa watoto wasione nini Kivinje kaka? Soko au nyumba?

Sudi: Tatu.

Tatu: Nauliza tu. Tukifika tutasimama wapi? Mbele ya nyumba ya baraza mbili ambayo mlango wake uko kwenye hoteli ya watu? Ule mlango wenye msumari uliopinda, ambao sote tulikuwa tunaning'inia tukiwa wadogo. Mwongozaji atatuonyesha au atapita haraka?

Sudi: Hilo lilizungumzwa mbele ya Mama likaisha.

Tatu: Lilizungumzwa mimi nikiwa Muhimbili.

Mama Asha: Jamani, humu kuna watoto.

Juma: Mimi ni mtoto, nimeshaondoka.

Rehema: Mambo ya mlango si ya humu. Tunazungumza safari. Nimeshamwambia mwongozaji tuko watu kumi na tano. Tafadhali.

Tatu: Wewe dada kila nikiligusa hilo unabadili mazungumzo.

*(Ujumbe huu umefutwa)*

Juma: Nani kafuta? Nilikuwa nasoma 😩

*Alhamisi, baada ya Isha*

Salha: Niko na Bibi. Nimemsomea yote tangu Jumapili, hata ya pikipiki. Anataka kusema. Ameniambia niandike kama anavyotamka, nisipunguze.

Salha (kwa niaba ya Bibi): Nimesikia. Mmefanya vizuri kunikumbuka na magoti yangu. Rehema, Mungu akupe.

Mnazungumza masultani. Baba yenu alikuwa na asili ya Kisiwani, silikatai. Mimi sina. Mama wa bibi yangu aliletwa Kivinje kwa miguu kutoka bara, mtoto wa kike, bahari alikuwa hajaiona. Walikuja msafara mzima. Wengine walipakiwa majahazini, yeye akabaki kwa sababu alikuwa na homa na tajiri hakutaka kupakia mgonjwa. Ndiyo sababu mpo.

Bibi yangu alinishika mkono akanionyesha mahali alipokalishwa. Nilikuwa na umri wa hao watoto mnaowaonea huruma. Sikulisema kwenu kwa kuwa baba yenu hakupenda lisemwe, na mimi nilimstahi. Sasa hayupo.

Kivinje msipite haraka. Mimi nitashuka kwenye gari. Kwanza makaburini kwa mama yangu, halafu pale. Huyo kijana aseme yote anayoyajua, na asiyoyajua nitayasema mimi, watoto wakiwa wamekaa chini wananisikiliza. Magofu ya Kisiwani yana miaka mingi, yatatungoja.

Na huo mlango, aliyeruhusu uuzwe ni mimi. Pesa ilikokwenda Rehema anajua. Sudi asiulizwe tena.

Salha: Amemaliza. Amekwenda kulala.

*Ijumaa*

Mama Asha: Nimesoma mara tatu.

Shemeji Kombo: Mama, nisamehe kwa lile nililolisema juzi. Nimefuta kauli.

Sudi: Sawa Mama.

Zena: Nimemsomea mume wangu. Amenyamaza kimya. Watoto wanauliza lini tunaondoka.

Tatu: Dada Rehema?

Rehema: Tatu nitakupigia jioni.

Tatu: Nangoja.

Juma: Shangazi Rehema, mimi nimetuma hela. Tazama simu.

Rehema: Umetuma elfu ishirini.

Juma: Nyingine nauza redio. Kweli, siongei utani. Mimi nakwenda Kivinje hata kwa basi la Kombo.

Rehema: Haya. Nimebadilisha mpango, mwongozaji amekubali. Kivinje inakuwa siku nzima, na mapumziko yanabaki. Kwa hiyo ama tuongeze siku ya sita, ama tuache Songo Mnara. Kura.

Salha: Tusiache Songo Mnara tafadhali! Magofu yale nayo yamo kwenye urithi wa dunia tangu 1981, pamoja na Kisiwani. Kisiwani ule mji umejengwa na kujengwa tena kila zama, Wareno wakaja 1505 wakaweka ngome, Waarabu wa Omani wakaijenga upya, ndiyo Gereza tunayoiona leo. Songo Mnara watu waliishi muda mfupi wakahama. Unaingia nyumbani kwa mtu, unaona ukumbi, chumba cha ndani, vishubaka vya ukutani. Ramani ya mtaa unaiona kwa miguu yako.

Shemeji Kombo: Siku ya sita ni hela.

Mama Asha: Na likizo yangu ni siku tano kazini.

Rehema: Kura jamani. Andika SITA au TANO.

Juma: Tano na nusu.

*Jumamosi, alfajiri*

Mjomba Bakari: Wanangu salaam. Huku Masoko mtandao ulikuwa chini. Maneno ya dada nimeyapata, mimi nayajua tangu utotoni, kasema sawasawa. Mahali penyewe napajua, nitakuwepo.

Mjomba Bakari: Sasa sikilizeni la bahari. Nimeitazama ile wiki ya Rehema. Ni mwezi mpevu, bamvua. Bamvua huku maji hutoka asubuhi, saa nne saa tano yako nje kabisa. Songo Mnara mashua haifiki ufukweni. Mtashuka kwenye tope la mikoko mpaka magotini, mtembee. Dada hawezi, na kumbeba hatakubali. Sogezeni wiki moja mbele. Hapo ni maji mafu, saa nne yamejaa, mashua inaingia mpaka ndani.

Rehema: Mjomba, wiki hiyo ndiyo watu waliombea ruhusa kazini. Na Zena ameshakata tiketi.

Mjomba Bakari: Bahari haiombewi ruhusa, mwanangu. Na mwezi wa sita ni kusi. Mchana upepo unachafuka. Kuvuka ni mapema, kurudi kabla ya Alasiri. Huyo kijana mwongozaji kama ni wa Kisiwani kweli angekwambia.

Rehema: Aliniambia tutaangalia maji. Sikumwelewa.

Shemeji Kombo: Mjomba, na barabara? Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, ilikatika Somanga.

Mjomba Bakari: Inapitika. Msije masika tu. Nyinyi mna raha, sisi kabla ya daraja la Mkapa 2003 tulikuwa tunalala kivukoni Rufiji tunaliwa na mbu.

Juma: Mjomba babu, na pweza?

Mjomba Bakari: Bamvua ndiyo wakati wa pweza. Maji mafu hupati.

Juma: Basi mimi napiga kura bamvua 😂

Mama Asha: 😂😂 huyu hafai

Zena: Tiketi naweza kubadilisha, ila kuna faini. Nipeni mpaka Jumanne niulize. Kitambulisho kimepatikana?

Sudi: Kipo. Nimekiweka kwenye bahasha. Rehema, kianzio cha wanne nimetuma. Na Mama akae gari la mbele, kiti cha pembeni ya dereva, mguu wake wa kulia haukunjiki vizuri.

Rehema: Nimekipata. Ahsante Sudi. Mama alimwambia Salha anataka wewe na Tatu mkae naye gari moja.

Sudi: Sawa.

Rehema: Tatu?

Rehema: Tatu naona umesoma.

Tatu: Nimesikia. Tuliyozungumza jana usiku bado yananizunguka. Nitajibu.

Rehema: Mwongozaji amenipa mpaka Jumatatu. TANO wako sita, SITA wako wanne, Juma simhesabu. Tarehe tunamngoja Zena. Kivinje haiguswi.

Mjomba Bakari: Nipeni idadi. Mashua ya mwanangu inachukua kumi na wawili kwa usalama na jaketi za kuokolea ni kumi na mbili. Mkizidi nitafute ya pili mapema, mwezi wa sita wavuvi hawakodishi ovyo.

Rehema: Mjomba, idadi nitakupa kesho.