The Sims 4: kuta zinageuka samawati na ngozi za wahusika zinapauka. Nianzie wapi?

Mkaazi_wa_Ghorofani:
Habari za jioni wanajukwaa. Nimejenga nyumba katika The Sims 4, mchezo wa kompyuta wa kuiga maisha ya watu, mtaa wa Willow Creek, yenye sebule ndefu ya kuta nyeupe na madirisha mawili upande mmoja, nikitaka ifanane na utulivu wa nyumba za kwetu pwani wakati wa alasiri. Mpangilio wa vyumba umeniridhisha, ila kila ninapoanza kucheza, rangi zinanivunja moyo: kuta zinaingia usamawati, mlango wa mbao unapoteza wekundu wake, na mama mwenye nyumba, ambaye nilimchagulia kwa makini ngozi ya maji ya kunde, anaonekana amepauka kama mtu aliyetoka kuoga asijipake mafuta. Niliweka ReShade, programu ya kubadilisha rangi na mwonekano wa picha ya mchezo, na kujaribu vichujio vitatu vya kupakua. Kimoja kilipaka kila kitu rangi ya chungwa, viwili vilizidisha giza, na kompyuta yangu ya mpakato, ambayo haina kadi ya grafiki ya peke yake, ikaanza kukwamakwama. Naomba mwongozo.

Fundi_wa_Vyumba:
Ndugu, ningekushauri uzime ReShade kwanza, kwa sababu programu hiyo inaipokea picha ikiwa mchezo umeshamaliza kuichora. Haijui taa iko wapi wala jua limetokea upande gani, hivyo ukiikabidhi chumba chenye giza itakachofanya ni kulipaka rangi giza lilelile. Mwanga hujengwa ndani ya nyumba yenyewe.

Ingia katika hali ya kujenga, kisha utumie vitufe vya saa za siku kuitazama sebule asubuhi, adhuhuri, jioni na usiku. Madirisha mawili ya upande mmoja hayatoshi chumba kirefu. Fungua la tatu ukutani mwa mwisho, au uizungushe nyumba nzima kiwanjani hadi upande wa madirisha uelekee jua la alasiri unalolitafuta.

Halafu taa, ambazo nadhani ndizo chanzo kikubwa cha shida yako. Taa mpya huja zikiwa katika hali ya kujiwasha zenyewe, na mchana aghlabu utazikuta zimezimika. Unapocheza, bofya taa, uchague kubadilisha rangi na ukali wake, na mchezo utakuuliza kama unataka taa hiyo peke yake au zote za chumbani. Mimi sizigeuzi zote kwa mpigo. Taa ya dari naiacha nyeupe na kuipunguza ukali, kisha naweka taa mbili za mezani zenye umanjano karibu na viti, kwa kuwa hapo ndipo nyuso za watu zinapokaa. Ukuta mweupe hubeba rangi yoyote inayoupiga, kwa hiyo jaribu pia rangi ya maziwa kabla ya kuulaumu mchezo.

Kuhusu ngozi, tangu sasisho la Desemba 2020, lililoongeza zaidi ya rangi 100, unaweza kuchagua kundi la rangi zenye joto na kuzirekebisha kwa kitelezi. Chumba cha kuundia wahusika kina mwanga wake, usioendana na wa nyumbani. Umhukumu mama huyo akiwa ameketi sebuleni kwake.

Kivuli_Kidogo:
Nakubaliana na Fundi kuhusu taa, lakini usamawati wa Willow Creek hautaondoka wote kwa taa, maana sehemu yake imo katika mwanga wa mchezo wenyewe. Kwa hilo iko modi, yaani nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji, iitwayo NoBlu, faili ya aina ya package inayowekwa ndani ya folda ya Mods. Usiichanganye na modi nyingine inayogusa mwanga uleule, kwani zitagombana na hutajua ipi inafanya kazi. Kumbuka pia kwamba mchezo huzima modi kila unaposasishwa, kwa hiyo ukiona usamawati umerudi ghafla, angalia mipangilio kabla ya kufuta chochote.

ReShade nayo usiitupe. Kilichokwamisha kompyuta yako huenda ni athari za vivuli vya pembeni na za ukungu wa nyuma, ambazo husoma kina cha picha, yaani umbali wa kila kitu kinachoonekana, na kuilemea mashine. Zizime, ubakishe moja ya kurekebisha rangi, uiweke hafifu kiasi cha kuiona tu unapoiwasha na kuizima. Kama siku moja utazihitaji hizo nzito kwa ajili ya kupiga picha, utalazimika kuzima ulainishaji wa kingo katika mipangilio ya mchezo, la sivyo hazitaonekana.

Mkaazi_wa_Ghorofani:
Nawashukuru nyote wawili. Nimefungua dirisha la tatu, nimebadilisha kuta kuwa rangi ya maziwa na kuweka taa mbili za umanjano karibu na kochi, bila modi wala kichujio chochote. Mlango umerudisha wekundu wake, na shavu la mama lililoelekea taa sasa lina mng'ao wa kahawia, ingawa la upande wa pili bado ni la kijivu asubuhi. Nitaweka NoBlu kesho, kisha nitawaonyesha picha ya kabla na ya baada, zote za saa ileile ya siku.