Modeli yangu ya modi 5 inalipuka, nakosea wapi?

Kidodosi: Wakuu, wiki ya pili sasa nimekwama. Nina mtiririko unaopita silinda, namba ya Reynolds (uwiano wa nguvu za mwendo kwa nguvu za mnato) 100. Simulesheni kamili haina shida, vizingia (vimbunga vidogo vya mtiririko) vinachomoka nyuma ya silinda kwa zamu, juu, chini. Nikachukua picha 200, nikaondoa wastani, nikachambua kwa POD (njia ya kugawa mtiririko katika maumbo ya msingi, yaani modi, yakipangwa kwa nishati). Modi 5 za kwanza zina zaidi ya asilimia 99 ya nishati, nikabaki nazo na kujenga modeli ya Galerkin (milinganyo michache ya jinsi modi hizo zinavyobadilika na wakati). Mizunguko mitatu safi, halafu mtikiso unakua tu. Kumbe kile kiasilimia nilichotupa ndicho kinanitesa? Lengo langu ni kufika Reynolds 10,000.

FundiMawimbi: Tano tena mkuu? Kizingia kinachosafiri hakielezeki kwa modi moja, huwa zinakwenda jozi kama sine na kosine. Ya 5 umeiacha mjane. Chukua 4 au 6.

BintiHesabu: Hilo la jozi kweli, ila halitamponya. Mtikiso ukikua huubadilisha mtiririko wa wastani, na wastani uliobadilika ndio unaouzuia usizidi kukua. Wewe wastani umeugandisha, yaani breki umeing'oa mwenyewe. Mtafiti Noack na wenzake walilionyesha hili mwaka 2003: ongeza modi moja, tofauti kati ya wastani na suluhisho tulivu lisilobadilika na wakati. Kulipata suluhisho hilo, endesha nusu tu ya eneo ukiweka sharti la ulinganifu kwenye mstari wa kati. Vizingia vitakosa pa kuanzia.

Mnato: Hiyo 10,000 isahau kwanza. Kwa 100 bado huna msukosuko wowote, ni saa inayogonga. Kwenye msukosuko halisi, vizingia vidogo ndivyo vinavyokula nishati ya vikubwa. Ukivikata, nishati inarundikana kwenye vile vikubwa bila pa kwenda. Itabidi uongeze mnato wa bandia kufidia walaji uliowafukuza. Na usitegemee kufuatana na simulesheni hatua kwa hatua. Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, mwaka 1963 alitumia milinganyo mitatu tu na utabiri ukamshinda. Linganisha wastani na spektra (mgawanyo wa nishati kwa kila masafa).

Kidodosi: Nimerudi. Modi 6 pamoja na ile ya BintiHesabu: mizunguko 60 na mtikiso umetulia. Nikianzia karibu na hali tulivu unapanda wenyewe na kusimama palepale. Bila ile ya ziada, hata kwa 6, unalipuka kama zamani. Mnato, mnato wa bandia unaupimaje, mmoja kwa modi zote au kila modi na wake?

Mnato: Kila modi na wake. Za nyuma kwenye orodha ndizo zinahitaji zaidi.