Nailoni inatoa manyoya na mistari kwenye leth (mashine ya kuchongea), nifanyeje?

Bushi_Ngamiani
Wakuu, salaam kutoka Tanga. Nachonga bushi (pete ndefu ambamo shafti inazunguka) za nailoni nyeupe za rola kwenye mtambo wa korona, ule wa kukamua nyuzi za mkonge: nje milimita 60, tundu 40. Uso hautoki laini. Nje kuna mistari kama nyuzi za bolti, kingo zinabaki na manyoya, na nikipiga msasa ndiyo unazidi kufifia. Kisu ni kile cha kabaidi cha rangi ya dhahabu, mviringo wa ncha milimita 0.4. Spidi mizunguko 300 kwa dakika, kisu kinatembea milimita 0.2 kwa mzunguko. Halafu tundu likiwa bado mashineni napima 40.10, kesho yake shafti inabana.

Leth_Mkongwe
Mkuu, anza na kisu. Hicho cha dhahabu ni cha kuchongea chuma: kimepakwa, na makali yake yamefanywa butu kidogo makusudi yasivunjike. Kwenye nailoni hakikati, kinasukuma, na plastiki iliyosukumwa ndiyo hayo manyoya. Tafuta kabaidi isiyopakwa, ile inayong'aa ya kuchongea alumini, au noa mwenyewe kisu cha haispidi (chuma kigumu cha visu): mteremko wa juu nyuzi 10 hadi 15, nafasi ya chini vivyo hivyo, ncha 0.8. Malizia kwa jiwe la mafuta mpaka ikwangue ukucha.

Kina cha mistari ni hesabu tu. Zidisha mwendo wa kisu kwa wenyewe, gawa kwa mara nane ya mviringo wa ncha. Wako: 0.2 × 0.2 ÷ (8 × 0.4) ni milimita 0.0125, hiyo unaiona kwa macho. Ukienda 0.08 na ncha 0.8 inashuka hadi 0.001. Spidi panda 1000 au 1200. Mkato wa mwisho uwe na kina cha 0.3 hivi, ukikwangua 0.05 kisu kinateleza juu na manyoya yanarudi.

Nyuzi zinazojisokota kwenye kazi zinachubua uso uliokwisha kumalizika. Zipulize kwa hewa ya kompresa, au simamisha mashine ndipo uzitoe. Usizivute kwa mkono ikizunguka.

Kipimo_Kwanza
Tundu lako linapungua kwa sababu unapima kazi ya moto. Nailoni ikipanda nyuzi 20 za joto, tundu la 40 linafunguka karibu milimita 0.07. Ikipoa, hiyo 0.10 yako inabaki 0.03. Chonga ya kwanza ukiacha milimita 1, iache ilale, umalizie kesho yake kwa mkato mwepesi.

Angalia na zile taya tatu zinazoshika kazi, unavyozikaza. Bushi nyembamba inageuka pembetatu, unaitoboa duara, ukilegeza tundu linakuwa pembetatu. Bora uchonge kwenye fimbo nzima, ukate mwishoni.

Bushi_Ngamiani
Nimewapata. Manyoya yaliyobaki je? Kuna aliyeniambia nipitishe kibiriti cha gesi.

Leth_Mkongwe
Moto acha, ukingo utayeyuka na kuvimba. Kwangua kwa wembe au kisu cha kukunja, kimelazwa kidogo. Msasa kwenye tundu la bushi usiuguse kabisa: chembe zake zinazama kwenye nailoni, kisha zinakula shafti. Nje, kama ni lazima, msasa wa maji 400, 600, halafu 1000, usuuze kila ukibadilisha namba.

Kipimo_Kwanza
Naongeza moja, maana korona ni maji mchana kutwa. Nailoni inakunywa maji na kuvimba. Bushi ikishapigwa ndani ya rola haina pa kwenda, inafunga tundu. Pima tundu baada ya kuipiga, na uache nafasi zaidi kuliko ya shaba. Mimi hapo ningeweka asetali, plastiki nyingine ngumu. Haivimbi sana na inatoka laini kwa urahisi zaidi, kwa spidi hizohizo. Ila hiyo usiisogezee moto hata kwa majaribio: inawaka kwa mwali usioonekana vizuri, na moshi wake unachoma macho na koo.