Kundi la simu la majirani wa mtaa wa Sofia, Busia upande wa Uganda: sarafu za Jaja (bibi)

Rehema: Assalam aleikum majirani, na wengine wote habari za jioni. Nina neno naomba mnisikie mpaka mwisho. Leo saa kumi Jaja ametoka hapa na mkongojo wake akaenda dukani kwa Baba Hanifa kununua sukari kilo moja na mche wa sabuni, hakutuma mtoto, alitaka aende mwenyewe kwa sababu ana pesa yake mwenyewe. Amerudi mikono mitupu. Amekaa kwa mkeka haongei. Nimembembeleza mpaka akasema "wamesema pesa yangu si pesa" na watu wakacheka

Mama Shafik: Bambi Jaja 😢

Mama Shafik: pesa gani iyo wakakataa

Rehema: Sarafu. Zile Zaituni alimwachia alivyokuja kutoka Ujerumani mwezi wa nane. Ziko kwa kopo la majani ya chai. Alimwambia Jaja hizi ni euro, zina nguvu kuliko shilingi zetu, ukiwa na shida toa utumie. Jaja amezitunza hizo sarafu, usiku anaweka kopo chini ya mto, leo ndo mara ya kwanza anazitoa

Isa Boda: Nilikuwa hapo nimepaki. Waliocheka ni vijana wa kwenye benchi, Baba Hanifa hakucheka. Tuseme ukweli

Baba Hanifa Duka: Waleikum salaam. Rehema nimesoma na imeniuma kweli. Jaja kwangu ni mama, alikuwa ananipa uji mimi nikiwa sina viatu. Aliweka sarafu mbili kwa meza, nikazigeuza, nikaona si zetu, si za Kenya, si za Tanzania, nikamwambia Jaja hii mimi siijui, nikiichukua itanifia hapa dukani. Nikamwambia beba sukari, utaleta pesa siku yoyote. Akakataa. Alisema yeye hajaja kukopa, amekuja kununua. Akaokota sarafu zake akaondoka, na mimi nilikuwa na wateja wanne nikashindwa kumfuata, hapo ndo nilikosea

Mama Shafik: Lakini Baba Hanifa kwani pesa ya Kenya si ya kigeni pia? Jana tu mtoto wangu umempokea mbili za ishirini bila neno

Baba Hanifa Duka: Swali zuri mama. Pesa ya Kenya mimi naichukua kwa sababu najua kesho itaenda wapi. Mafuta ya kupikia na unga wa ngano nachukua upande ule wa mpaka, tajiri wangu wa jumla anataka shilingi ya Kenya, nikimpa sarafu kumi za tembo anahesabu anaweka kwa droo amemaliza. Tena hapa kila duka la Busia linajua, ishirini ni tembo, kumi ni simba, tano ni kifaru, moja ni twiga, hata mtoto wa nasari anazijua tangu zibadilishwe 2018. Saa hizi bob moja, yaani shilingi moja ya Kenya, inacheza kwa 27, 28 za kwetu, mimi kumi yao nahesabu 250 nabaki na kitu kidogo cha kujilinda rate ikishuka. Sasa ya Ujerumani nitampa nani? Mwenye mafuta hataki, wa soda hataki, mtu wa umeme hataki. Nikiipokea nimemnunulia Jaja sukari na mtaji wangu, ambayo ningeifanya kwa moyo mmoja lakini si ndo yeye alikataa

Baba Hanifa Duka: Na kuna kitu kingine niseme. Mwaka jana usiku umeme umeenda mtu alinipa sarafu tatu nikadhani ni mia tano zetu, rangi ni ile ile ya njano. Asubuhi naangalia, badala ya korongo naona sura ya Mzee Karume. Mia mbili za Tanzania, ambayo hapa ni kama mia tatu hivi. Tangu siku iyo nageuza kila sarafu, siangalii nani kanipa

Isa Boda: Hizo zinaletwa na madereva wa trela, mimi pia wamenipiga nazo

Mzee Wandera: Watoto wangu poleni na mjadala. Sisi hatukuwa na hii taabu. Zamani sarafu ilikuwa moja tu, ya Afrika Mashariki. Iliyokuwa inatumika Kampala ndo iyo Nairobi ndo iyo Dar es Salaam, mpaka Zanzibar. Senti kumi na senti tano zilikuwa na tundu katikati, tulikuwa tunazitunga kwa uzi tunafunga kiunoni usizipoteze shambani. Hapa mpaka tulikuwa tunavuka na uzi ule ule tunanunua mandazi upande ule. Baadaye 1966 kila nchi ikafungua benki kuu yake na pesa yake, tukaanza kubadilisha

Rehema: Mzee Wandera subiri kwanza!! Nimemwaga kopo sasa hivi kwa mkeka nihesabu, chini kabisa kuna moja ya tundu imefungwa uzi mwekundu. Imeandikwa EAST AFRICA, 1964. Jaja ameichukua haraka akaifunga kwa kanga

Mzee Wandera: Eeeh. Senti kumi iyo. Mpe heshima yangu

Mama Swaleh (Mpakani): Nimechelewa nilikuwa nafunga meza. Mnajua mimi kazi yangu ni iyo ya kubadilisha pesa pale barabarani, mwaka wa kumi na tano sasa, ngoja niwaeleze maana watu wengi wananiletea hili jambo. Noti na sarafu hata kama ni za nchi moja si biashara moja. Noti ya euro hamsini naikunja natia kwa mfuko, kesho namuuzia mtu wa magari amemaliza. Sarafu lazima irudi kwao ndo iwe pesa. Sarafu ya Kenya kwao ni hatua mia mbili kutoka kwa meza yangu, inarudi kwa mfuko wa mtu, kwa bodaboda, kwa toroli la mkaa. Ya euro kwao ni ndege. Nani atabeba kilo za chuma mpaka Ulaya kwa faida ya shilingi ngapi? Ndo maana hata forex za Kampala, yale maduka ya kubadilisha pesa yenye kiyoyozi, hazichukui sarafu, watakwambia noti tu. Na hata noti wanachagua, dola moja moja na tano tano wananunua bei ya chini kuliko mia, yenye kukunjwa vibaya au ya zamani wanakurudishia. Kwa iyo Baba Hanifa hana kosa na Jaja pia hana kosa. Ile pesa ni nzima kabisa ila iko mbali na kwao

Mama Shafik: Kumbe

Rehema: Nimemsomea Jaja yote. Ameanza kuongea alhamdulillah. Anasema nimwandikie hivi, naandika kama anavyosema: "Mimi sikukasirika na mtoto wangu wa duka. Niliogopa. Mwaka 1987 nilikuwa nauza samaki wakavu soko kuu, nikaweka pesa kwa chungu nianze nyumba. Wakatangaza pesa mpya. Shilingi mia ikawa shilingi moja, na juu yake serikali ikakata 30 kwa kila mia. Nilipeleka chungu nikarudi na pesa ya mfukoni. Tangu siku iyo mtu akigeuza pesa yangu mara mbili mbili tumbo linanikata. Nauliza Zaituni, mwanangu ulinipa pesa iliyokufa?"

Mama Shafik: 😭😭

Mzee Wandera: Nakumbuka mwaka ule. Ni kweli tupu anasema

Zaituni: Nimefika kazini kwenye mapumziko naona meseji arobaini. Rehema mwambie Jaja hapana hapana HAPANA. Haikufa. Jaja wangu nisamehe. Huku hizo ndo pesa ya kila siku, euro mbili moja inanunua mkate, na ukienda supamaketi kile kitoroli cha kubebea vitu kimefungwa mnyororo mpaka utie sarafu ndo kinaachia, kwa iyo kila koti langu lina sarafu mfukoni. Siku ya safari noti zote nilikuwa nimegawa, nikajikuta na sarafu tu, nikaona heri nimwachie Jaja kuliko nirudi nazo, akili yangu ikaniambia euro ni euro. Sikufikiria atazitoa wapi. Kosa ni langu si la duka. Natuma pesa kwa simu sasa hivi, laki moja na nusu, Rehema toa umpe

Rehema: Jaja anasema usitume

Zaituni: Kwanini??

Rehema: Anasema ulishampa, mtu hapewi kitu kimoja mara mbili. Anataka zile zibadilishwe, ziwe shilingi, akanunue sukari yake kwa mkono wake. Ndo amesema basi, na mnamjua Jaja akisema basi

Mama Swaleh (Mpakani): Yuko sawa. Rehema umehesabu ziko ngapi

Rehema: Za euro mbili ziko 11, za moja ziko 6, zimeandikwa 50 cent ziko 4. Afu kuna nyekundu ndogo ndogo kama konzi moja. Na kuna tatu za njano nene zina kichwa cha Malkia

Mama Swaleh (Mpakani): 22 na 6 ni 28, na hizo senti hamsini nne ni mbili. Euro 30 kamili. Nyekundu achana nazo hazifiki mbali

Zaituni: Za Malkia si zangu. Hizo ni pauni za Uingereza

Rehema: Jaja anasema alipewa na binti ya dadake aliyekuwa London, zamani, kabla sijaolewa

Zaituni: Ziko duara kabisa au zina kona kona?

Rehema: Duara

Zaituni: Basi hizo hata London dukani hawazichukui tena, ziliondolewa Oktoba 2017, mpya ina pande kumi na mbili. Ila mwenye akaunti kule benki bado inampokelea. Aziweke, siku yule binti akija atampa

Mwalimu Nekesa: Hamjambo wote. Nimekaa kimya nasahihisha mitihani lakini hili limenigusa. Kwanza nimwambie Mzee Wandera ile sarafu moja ya Afrika Mashariki haijasahaulika kabisa, marais walitia saini mkataba wa pesa moja hapa hapa Uganda, Kampala, tarehe 30 Novemba 2013. Ilikuwa iwe tayari 2024, ikasogezwa mpaka 2031. Mimi naiombea sana kwa sababu nyinyi watu wa Busia mnapoteza kidogo kidogo kila siku kwa kubadilisha, mama wa nyanya anavuka mara tatu kwa siku na kila kuvuka anaacha kitu kwa meza

Mama Swaleh (Mpakani): Kwa meza yangu 🙈 lakini ni kweli mwalimu

Mwalimu Nekesa: Pili, na hili ndo nililotaka kusema. Kijana wa dada yangu amepata nafasi ya kusoma Munich, anasafiri Januari. Tunamtafutia euro za kushuka nazo, na hapa tungeenda forex kuzinunua noti. Sasa Zaituni niambie, akishuka uwanja wa ndege sarafu za euro 30 zinamsaidia au zinamsumbua?

Zaituni: Mwalimu!! Zinamsaidia SANA. Akitaka chai, choo cha stesheni, mashine ya tiketi ya treni, kitoroli, vyote sarafu. Mimi siku ya kwanza nilisimama na noti ya hamsini mbele ya mashine nikakosa hata maji

Mwalimu Nekesa: Basi mimi nazinunua. Si msaada, ni manunuzi, ningezinunua tu kwingine. Mama Swaleh tupe bei ya haki

Mama Swaleh (Mpakani): Noti za euro leo ziko elfu nne na kitu. Sarafu kawaida zinakatwa lakini hapa anayezihitaji yupo na anayeziuza yupo, hakuna wa katikati. Mimi sichukui hata mia. Wekeni elfu nne mviringo, mara 30, ni laki moja na ishirini elfu

Mwalimu Nekesa: Nimekubali. Kesho baada ya misa napita kwa Jaja na pesa mkononi, noti safi

Rehema: Nimemwambia. Ameuliza mara mbili kama huyo kijana ni wa kweli au mmetunga kumfurahisha

Mwalimu Nekesa: Nitakuja naye Jaja amwone

Isa Boda: Na mimi wale vijana wa benchi nimeongea nao. Kesho wanakuja kumwamkia Jaja na kumwomba radhi, wawili wameshakubali, wa tatu nitamleta kwa pikipiki

Baba Hanifa Duka: Rehema mwambie Jaja kesho nitakuwa nimempangia kiti ndani ya duka, asisimame dirishani

Zaituni: Jaja nakuja tena mwakani inshallah. Nitabeba noti, na nitazibadilisha mimi mwenyewe kwanza kwa Mama Swaleh ndo nikupe. Nakupenda sana

[Jumapili]

Mwalimu Nekesa: Tumemaliza salama. Jaja alihesabu zile laki na ishirini mara tatu, noti moja moja, akazinyoosha kwa paja. Kijana wangu ameambiwa kila sarafu aitumie kwa jambo la maana, hakuna pombe

Mzee Wandera: Ile ya tundu je? Imeenda na yenyewe?

Rehema: Hapana mzee. Mwalimu aliuliza hata yeye. Jaja alisema iyo ilikuwa kwa uzi wa mamake, haiuzwi. Amerudisha kwa kopo peke yake, na zile tatu za Malkia

Mzee Wandera: Vizuri sana. Nitapita niione

Rehema: Baba Hanifa uko dukani? Jaja ameshavaa, anatoka sasa hivi. Anauliza sukari ipo au imeisha

Baba Hanifa Duka: Ipo. Nimeshafuta kiti