Dansi ya kanisa na miaka 46: niende au nitulie?

Mwalimu wa Donholm
Wapendwa, hamjambo. Jumapili katibu alitangaza kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi kutakuwa na dansi ya washirika wasio na wenzi, miaka 35 kwenda juu, pale ukumbini kwetu, kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku. Tikiti elfu moja, chakula kipo, pombe hakuna. Tangazo halijaisha, vijana wa kwaya walikuwa wameshaangua kicheko.

Nina miaka 46. Sijaolewa, sina mtoto. Dada yangu amenipigia simu kuniambia nikienda nitakuwa nimejitangaza sokoni. Mwaka jana nilienda kimyakimya, na kusema kweli nilifurahi, ingawa mzee mmoja niliyecheza naye rumba tatu alikuwa amepaka nywele kanta, ile rangi nyeusi ya kuficha mvi, siku hiyohiyo. Jasho lilipomtoka, blauzi yangu nyeupe ikapata michirizi myeusi begani, na haijatoka mpaka leo.

Swali langu ni moja tu. Mtu wa umri wangu kwenda dansi za kanisa, ni sawa au nitafute kikundi cha maombi nitulie? Nijibuni kwa upole tafadhali.

Baba Wawili
Mwalimu, huyo mzee alikukosea nini hadi umwanike hapa? Mtu ametoa elfu yake, amejikwatua, amekuchezesha nyimbo tatu bila kukukanyaga, halafu asante yake ni hii. Ndiyo maana mnalalamika kwamba kwenye hizo dansi wanawake ni thelathini na wanaume ni watano.

Kinyozi wa Kayole
Kanta haina kosa. Kosa ni haraka. Ukishapaka, unaiacha nusu saa, unaosha mara mbili mpaka maji yatoke safi, unakausha na taulo la zamani. Lakini mzee anaingia Jumamosi saa tisa alasiri, anataka atoke saa tisa na robo. Ukimwambia akae, anaangalia saa ya ukutani kisha anakuangalia wewe. Huyo hakuoshwa vizuri. Na si kwangu alipakwa, hilo nawaambia mapema.

Dada Mkuu
Baba Wawili, mbona umeumia hivyo? Begani kwa Mwalimu ulikuwa wewe?

Baba Wawili
Mimi nina mvi zangu zote na sijazificha. Mithali 16:31, kichwa chenye mvi ni taji ya utukufu. Ninachouliza ni haki. Mwanamke anaingia ukumbini na wigi, kope za gundi, kucha za gundi, nyusi za kuchora, hakuna anayesema neno. Mzee akipaka kanta kidogo anakuwa kichekesho cha Nairobi nzima.

Dada Mkuu
Wigi haimwagikii nguo za watu.

Baba Wawili
Wigi iliwahi kunibaki mkononi, harusini, mwaka 2016. Dijei akazima muziki. Usiniambie habari za wigi.

Mtoto wa Uamsho
Nyumba inaungua, nyinyi mnajadili rangi ya nywele. Dansi! Ndani ya uwanja wa kanisa! Nyanya yangu aliokoka kwenye Uamsho ule uliotoka Rwanda miaka ya 1930 ukaenea hadi kwetu. Hao wazee walitubu hadharani mambo madogo kuliko hili. Dansi ndiyo iliyomkata Yohana Mbatizaji kichwa, someni Marko 6 mrudi hapa.

Dada Mkuu
Tumesoma. Aliyemkata Yohana kichwa ni Herode, kwa sababu aliapa mbele ya wageni akaona aibu kurudi nyuma. Binti alicheza tu, tena aliyemfundisha aombe nini ni mamake. Na wewe soma 2 Samweli 6. Daudi alicheza kwa nguvu zake zote mbele za Bwana. Aliyechungulia dirishani akamdharau ni Mikali, na mnajua sura hiyo inavyoisha: hakuzaa mtoto hata siku ya kufa kwake. Wanaodharau dansi wajiangalie.

Mtoto wa Uamsho
Daudi alicheza mbele za Bwana. Hakumshika mtu kiuno.

Mwalimu wa Donholm
Dada Mkuu, najua unanitetea, lakini huo mfano wa Mikali ungeuacha. Nimesema hapo juu sina mtoto, na hakuna mtu niliyemdharau dirishani.

Dada Mkuu
Mwalimu pole, sikukulenga wewe. Nilimlenga yeye.

Mtoto wa Uamsho
Mimi nina watoto wanne. Ulipiga nje.

Wakili wa Mtaa
Turudi kwenye umri, maana huko ndiko kwenye shida. Ibara ya 260 ya Katiba yetu ya 2010 inasema kijana ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Ibara hiyohiyo inamtambua mzee kuanzia 60. Sasa hesabuni. Ukitoka 35 mpaka ufike 60 serikali haina jina lako. Pesa za vijana umepitwa, na za Inua Jamii, zile serikali inawapa wazee, zinakungoja hadi 70.

Kanisa nalo ni hivyohivyo. Chukueni Waanglikana na vyama vyao: kijana ana KAYO, mwanamume ana KAMA, na mwanamke ana Mothers' Union, ambayo Mary Sumner aliianzisha Uingereza mwaka 1876 kwa ajili ya akina mama, nayo mpaka leo imejengwa juu ya ndoa na malezi. Sasa Mwalimu, asiye kijana na asiye mke wa mtu, siku ya sherehe ya kanisa anaandamana nyuma ya bendera gani? Hiyo dansi ndiyo mahali pa kwanza kanisa limemwambia "wewe, wa miaka 46, njoo." Mimi nasema aende.

Jirani wa Kasarani
Kijana si mpaka 40 siku hizi? Nilisoma mahali.

Wakili wa Mtaa
Ulisoma wapi?

Jirani wa Kasarani
Nimesahau. Lakini pia umesema hatuna jina, na ibara hiyohiyo inasema mtu mzima ni kuanzia 18. Jina lipo. Ni mtu mzima.

Wakili wa Mtaa
Haya. Umenipata.

Kijana wa Kwaya
Mimi si wa kanisa la Mwalimu, lakini kwetu pia tangazo kama hilo lilisomwa na sisi tukacheka, kwa hiyo acha niseme ukweli. Hatukuwacheka watu. Tulimcheka katibu, alisema "wasio na wenzi wakongwe" kama anayesoma mnada wa magari. Na pia, msikasirike, wazazi wetu wanacheza vibaya. Wasee wa 50 wakiwekewa gengetone, muziki wetu wa vijana wa Nairobi, wanasimama kama wanangoja matatu.

Mama wa Mwomboko
Kijana, nani alikwambia tunataka hiyo gengetone yenu? Nina miaka 63, mjane, naishi Kahawa West. Mwaka jana tulimtoa dijei wenu, tukamleta mzee na kodiani yake, na mwingine na karing'aring'a yake, ile pete ya chuma ya kugonga. Mwomboko, dansi yetu ya Kikuyu, wazee wetu walisema si nguvu, ni hatua mbili na kukunja goti. Unamshika mwenzako, hatua mbili, mnainama, mnageuka. Kiatu kinapiga sakafu wakati mmoja na wote ukumbini. Nilikuwa na goti bovu tangu Januari na usiku ule sikulisikia.

Na mniache niseme jambo moja. Kila mtu hapa anazungumza kana kwamba tunaenda kutafuta mume. Mimi sitafuti. Nilikuwa na mmoja miaka 31, alitosha. Ninaenda kucheza. Tangu mazishi, watu hunishika mkono tu wakati wa amani ya Kristo, sekunde mbili, basi.

Baba Wawili
Mama, shikamoo. Huyo mzee wa kodiani, nywele zake zilikuwa rangi gani?

Mama wa Mwomboko
Marahaba. Alikuwa na kofia.

Kinyozi wa Kayole
Kofia juu ya kanta ndiyo mbaya zaidi. Inapika.

Sista Sindano
Mimi ni muuguzi, na kwa kuwa mada imeshakuwa kanta, basi acheni niseme. Hizo rangi nyeusi nyingi zina kemikali inayoitwa PPD. Kuna watu wanavimba uso mpaka macho hayafunguki. Kabla ya kupaka, weka tone nyuma ya sikio, ngoja siku mbili. Nimepokea mzee mmoja Jumapili asubuhi, kichwa kimevimba, amevaa suti, alikuwa anaenda kusoma somo la kwanza. Wazee wangu, mvi hazijawahi kumleta mtu kwangu na dripu.

Mtakatifu wa Kawaida
Nashangaa mnavyobishana. Mimi ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale mnaotuita Wamormoni. Kwetu dansi ni jambo la kawaida kabisa. Vijana wanaruhusiwa kuanzia mwaka wanaotimiza miaka 14, na watu wazima wasio na ndoa nao wana za kwao. Inafunguliwa kwa sala, inafungwa kwa sala. Taa hazizimwi, pombe haipo, hata kahawa haipo. Mimi nina 51, nimetalikiwa, nimeenda mara kadhaa. Ugumu haukuwa dhambi. Ugumu ulikuwa kuingia mlangoni peke yako na kutafuta pa kuweka mikono. Nusu saa ya kwanza nilikunywa juisi glasi nne ili nionekane nina shughuli.

Baba Wawili
Nyinyi si ndio wa wake wengi? Mbona mtu abaki bila mwenzi?

Mtakatifu wa Kawaida
Kanisa lilitangaza kuacha jambo hilo mwaka 1890. Leo mshirika akioa wa pili anatengwa. Wewe unaishi Kenya, ambako Sheria ya Ndoa ya 2014 inaruhusu wake wengi kwa ndoa za kimila, halafu unatunyoshea sisi kidole? Babako alikuwa na wangapi?

Baba Wawili
Babangu usimguse.

Mtakatifu wa Kawaida
Wewe uligusa kanisa langu.

Baba Wawili
Nimeuliza swali tu. Na hata hivyo hekalu lenu ni zuri, huwa naliona nikipita Waiyaki Way.

Mtakatifu wa Kawaida
Liliwekwa wakfu 2025. Asante.

Jirani wa Kasarani
Mimi nina swali ambalo hakuna amegusa. Saa nne usiku mtu anatoka ukumbini, anapandia wapi? Mvua ikinyesha nauli ya Jogoo Road inaruka mara mbili, na stejini hakuna taa. Kamati ingeanza saa nane mchana imalize saa moja.

Mtoto wa Uamsho
Angalau huyu ameona kwamba ni mambo ya giza.

Jirani wa Kasarani
Nimesema taa za steji, ndugu. Taa.

Dada Mkuu
Mtoto wa Uamsho, niambie. Ruthu alikuwa mjane. Mamamkwe akamwambia jioshe, ujipake mafuta, uvae nguo zako, ushuke kwenye kiwanja cha kupuria nafaka, usiku, Boazi akishakula na kunywa. Ruthu sura ya 3. Hapo unasemaje?

Mtoto wa Uamsho
Hapakuwa na muziki.

Dada Mkuu
😂😂 Sawa.

Baba Wawili
Tena Boazi alimsifu kwa kutowafuata vijana. Maana yake Boazi alikuwa mtu mzima na Ruthu aliona hivyo kwa macho. Hakudanganywa.

Kinyozi wa Kayole
Hujui kama alidanganywa. Ilikuwa usiku.

Mwalimu wa Donholm
Nimesoma yote. Nimecheka, na mahali pengine sikucheka. Naona swali langu limejibiwa na watu watatu, na wengine wote wamenifundisha kuosha kanta. Kwa hiyo niulize la kanta basi. Nimejaribu limau na chumvi, nimejaribu dawa ya kufanya nguo nyeupe, nikalowesha siku nzima. Michirizi imekuwa kahawia lakini ipo.

Kinyozi wa Kayole
Mwalimu, doa la mwaka mzima hilo limeshakuwa mali ya blauzi. Sisi kazini tunavaa nyeusi. Vaa nyeusi.

Sista Sindano
Au maruni. Maruni inaficha mengi.

Mama wa Mwomboko
Mwanangu, vaa upendacho lakini kiatu kiwe chini, kisigino kisizidi inchi moja, na soli iwe ya ngozi. Ya mpira inang'ang'ania sakafu ukigeuka, goti ndilo linalolipa. Tikiti umeshanunua?

Mwalimu wa Donholm
Bado, mama. Mwisho ni Alhamisi. Karani anauza baada ya ibada, meza iko palepale mlangoni ambapo kila mtu anapita, na kwaya inasimama karibu.

Mama wa Mwomboko
Kwetu nilinunua mbili kwa sauti kubwa. Moja sikuwa na wa kumpa.

Kijana wa Kwaya
Mathe, hiyo ya pili nitainunua mimi. Nataka kuona hiyo hatua mbili.

Mama wa Mwomboko
Una miaka mingapi?

Kijana wa Kwaya
22.

Mama wa Mwomboko
Rudi baada ya miaka 13.

Baba Wawili
Bado hakuna aliyenijibu kuhusu wigi.